Siku Tuliyozungusha Vesta Uwanjani Juru

Nimestaafu. Msicheke. Najua mstaafu anatakiwa kuwa na mvi na fimbo, na mimi nina miaka thelathini na miwili na meno yangu yote. Lakini kazi yangu ilizeeka kabla yangu. Simu zimeingia hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, kila mtu anatazama filimu yake kiganjani akiwa amelala, na vile vibanda vya video tulivyokuwa tunavijaza mpaka watu wanakaliana magotini sasa vimekuwa stoo za mahindi. Nilikuwa mtafsiri wa filimu. Waganda wanatuita vijei. Unakaa kando ya spika, unashika maiki, filimu inasema Kiingereza au Kichina, na wewe unawaambia watu kwa Kiswahili chetu nini kinaendelea. Kama hujui nini kinaendelea, unawaambia hivyo hivyo.

Ninawaandikia ninyi mnaonisimamisha njiani na kuniita Ya, yaani kaka mkubwa, mkiniuliza, "Ya Wilo, nasi tutafanya namna gani tupate sauti kama yako?" Mnataka kutangaza redioni Mbarara, mnataka kushika maiki kwenye harusi. Vizuri. Sauti ni mali. Nitawaambia ninayoyajua, bila mpangilio, maana hata mimi sikufundishwa kwa mpangilio.

Kwanza koo. Usile karanga kabla ya kazi, zinabaki kooni na utakohoa katikati ya busu. Maji yawe ya uvuguvugu. Mkono wa kushoto usitoke kwenye kitufe cha sauti: mtu akisema, shusha, bunduki ikilia, pandisha, bunduki haihitaji tafsiri. Na mwanamke akilia kwenye filimu, mwache alie. Mimi siku moja nilimwekea maneno mama mmoja wa Kichina, nikasema analia kwa sababu mboga zimeungua, kumbe mtoto wake amekufa. Mama wa mstari wa mbele alinirushia kandambili, na alilenga vizuri.

Pili, fasi, yaani mahali. Hapa ndipo nataka mkae vizuri, kwa sababu jambo hili nusura linipotezee dada yangu.

Mwalimu wangu aliitwa Papa Asukulu. Alikuwa mnene, mwimbaji wa kwaya tangu kwao Baraka, Kongo, na sauti yake ilikuwa inafika kisimani hata jenereta likiwa limezimwa. Alinifundisha kanuni moja kuliko zote: "Wilo, mutu hawezi kuogopa fasi hajaiona. Ukisema Niu Yoki, analala. Ukisema Endiinzi, anaamuka." Kwa hiyo kwenye kibanda chetu kila mji mkubwa ulikuwa Mbarara, kila mto ulikuwa Rusizi, na kila jangwa lilikuwa Endiinzi wakati wa kiangazi, ng'ombe wamebaki mbavu. Shujaa akiruka juu ya treni, Papa Asukulu anapiga kelele: "Ameruka juu ya lori ya matoke! Imetoka Mbarara! Sasa inapita Kabingo! Mama Anjelani, funga mulango, inakuya kwako!" Na Mama Anjelani anacheka mpaka anafuta machozi kwa kitenge. Wote tulijua ni mchezo. Tulijua kwa sababu kulikuwa na shujaa, na shujaa ana sura, na sura ile tulikuwa tumeiona wiki iliyopita kwenye filimu nyingine akiwa mchungaji.

Sasa. Mwaka 2011, mvua za kupandia maharagwe zilikuwa zimeanza kunukia. Papa Asukulu alirudi kutoka Mbarara na CD mpya. Alizinunua kila mara kwa Mama Brenda, mke wa askari, aliyekuwa na meza ya CD karibu na kambi ya jeshi. Moja ilikuwa na picha ya jiwe linalowaka moto. Tukasema hii ni vita, tena vita ya nguvu. Tukatangaza. Watu wakajaa mchana ule mpaka wengine wakasimama nje na kuchungulia kwenye matundu ya mabati.

Filimu ikaanza. Dakika ya kwanza, nyota. Dakika ya pili, nyota. Kisha mzee wa miwani anasema Kiingereza taratibu mbele ya ubao. Hakuna shujaa. Hakuna bunduki. Hakuna hata mwanamke. Ilikuwa filimu ya wanasayansi, kuhusu jiwe kubwa la angani linaloitwa Vesta.

Niliona jasho likimtoka Papa Asukulu shingoni. Kiingereza chake kilikuwa cha "don muvu" na "hendzi apu", na yule mzee wa miwani hakuwa anasema hivyo. Ungefanya nini? Watu wamekwisha kuingia. Akafanya alilolijua. Akaipa fasi.

"Ba mama na ba papa! Hii jiwe inaitwa Vesta! Upana wake ni kutoka Mbarara mpaka Kampala, na kurudia!" Hapo, msimcheke, alikuwa karibu sana na ukweli, namba aliisikia vizuri. "Inazunguka jua miaka tatu na nusu na kidogo, halafu inarudia fasi yake!" Hilo nalo kweli. Kisha kwenye skrini likatokea jiwe linawaka, linashuka juu ya dunia, moshi, bahari inaruka. Na Papa Asukulu, maskini, akapata nafasi yake. Akasimama kabisa. "Inakuya! Imepita Mbarara! Imepita Kabingo! Iko Endiinzi, ng'ombe zimekwisha! Nakivale! Nakivale, mulale chini!"

Na jenereta likaishiwa mafuta.

Giza. Mwisho hatukuuona. Siku nyingine zote watu wangepiga miluzi na kututukana. Siku ile walitoka wakitazama juu.

Mpaka jioni habari ilikuwa imemaliza Juru yote, sehemu yetu ya kambi. Kesho yake ilikuwa imepata miguu. Mtu mmoja mwenye akili, tena akili nzuri kabisa, alisoma kwenye ganda la CD kwamba filimu ilitengenezwa miaka mitatu iliyopita. Akapiga hesabu: kama jiwe linazunguka miaka mitatu na nusu na kidogo, basi linarudi msimu huu, kabla maharagwe hayajatoa maua. Hesabu ile ilitembea nyumba kwa nyumba, na kila aliyeipiga alipata jibu lile lile. Watu wakaanza kupika mbegu. "Kama tunakufa, tukufe tumeshiba." Makanisa yakajaa siku za kazi. Shitingi, yale maturubai ya plastiki tunayopewa tukifika, zikaanza kushushwa kwenye paa na kukunjwa.

Kwa nini zikunjwe? Hapa ndipo kanuni ya fasi ilipotuchoma. Papa Asukulu alitaja Mbarara, Kabingo, Endiinzi, Nakivale. Hakutaja Fizi. Hakutaja Uvira. Watu wakasema: jiwe linapiga huku. Aliye Kongo atapona.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Tulitoka Fizi mwaka 1996, mimi mtoto wa miaka kumi na mitatu, yeye mkubwa wangu, na baba yetu alibaki kule chini ya udongo. Anaitwa Riziki. Wakati ninaowasimulia alikuwa mjane, ana mtoto wa mgongoni anaitwa Bahati. Jumatano nilimkuta anafunga sufuria kwenye kitenge.

"Yaya, dada yangu, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Lori ya mahindi iko inaondoka Siku ya Posho. Itatubeba mpaka Mbarara, kutoka pale tutajua."

"Nyumbani gani? Fizi kuko vita! Juzi tu bamechoma vijiji. Nyumba haiko. Nani atakupokea?"

"Vita nilishakimbia mara moja, ninajua inakimbiwa namna gani." Alikaza fundo kwa meno. "Jiwe ya Mbarara mpaka Kampala, unaikimbia namna gani? Niambie weye mutu ya maiki."

Siku ya Posho, siku ya kugawiwa chakula, kwetu ni Jumamosi. Nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa.

Alhamisi alfajiri nilichukua ile CD nikapanda baiskeli mpaka barabara kubwa, halafu gari, mpaka Mbarara. Mama Brenda aliponiona na CD mkononi alianza kukataa kabla sijasalimia. "Hapana, hapana. Sisi hatuchukuangi CD inarudi."

"Sirudishi, mama. Ninataka kuiona mwisho."

Mume wake, Afande Wandera, koplo, alikuwa nyuma ya meza amekaa kwenye kreti ya soda anapiga rangi buti zake. Mtu mrefu, kutoka Mbale. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka brashi ikamwanguka. Nilipofika kwa dada yangu na lori, akaacha kucheka.

"Mama Brenda, washa TV," alisema. "Wewe kijana kaa hapa. Mimi nasikia Kizungu. Tutaenda polepole."

Tulikaa mchana mzima. Anasimamisha, anatafsiri, ananiuliza kama nimeshika, anaendelea. Wateja wakija anawafukuza kwa buti. Hivyo ndivyo nilivyojifunza sayansi, vijana, kwenye kreti ya soda, na mimi sikumaliza hata darasa la sita.

Vesta ni moja ya mawe mengi mno yanayoishi pamoja kwenye ukanda mmoja wa mbinguni, kati ya sayari ya Mirihi na ile kubwa inayoitwa Mshtarii. Yote yanalizunguka jua kama sisi, yakielekea upande ule ule tunaoelekea. Vesta ni miongoni mwa makubwa kuliko yote. Haliwaki moto. Ni baridi, baridi ambayo hatuna neno lake. Si duara kamili, limebonyea kama boga lililokaliwa. Linajizungusha lenyewe kwa muda wa saa tano na dakika kama ishirini, yaani ukianza kulima linaanza kujigeuza, na ukienda kula mchana limekwisha kujigeuza lote. Chini kabisa, upande wake wa kusini, lina shimo la ajabu: zamani sana liligongwa na jiwe jingine. Katikati ya shimo pamebaki mlima, na mlima ule unapita kwa urefu milima yote ya hapa duniani, hata ukipachika miwili iliyo mirefu kabisa, mmoja juu ya mwingine, bado unashinda. Na ngozi yake, hili ndilo lililonigusa, ni mawe yaliyowahi kuyeyuka. Ni mawe kama yale meusi ya Goma, yaliyomwagika kutoka kwenye volkano. Jiwe lile liliwahi kuungua ndani, likatapika, likapoa. Nilisema kimoyomoyo, na wewe umepitia mambo.

"Na lile linalowaka?" niliuliza. "Linaloangukia bahari?"

Afande alirudisha nyuma, akasikiliza tena. "Hiyo ni ingine kabisa. Hiyo ni mchoro ya mambo ya zamani sana, watu hawajakuwa. Anasema mawe kama hiyo iligonga dunia zamani. Vesta, hapana. Vesta ina njia yake." Alisikiliza tena. "Ikikuja karibu sana na sisi, bado iko mbali kuliko jua. Umesikia? Kuliko jua yenyewe."

Niliruka. Niliona nimepata dawa. Nilikuwa tayari nimesimama niondoke.

"Ngoja, ssebo, ngoja bwana," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Usiende kuambia watu mawe haiangukangi. Ile ya Mbale ilianguka. Mimi nilikuwa kijana mdogo. Ilikuwa mchana, kelele kama bomu, tukatoroka mpaka kwa mihogo. Baadaye tukaokota, nyeusi, zito. Na huyu mzee wa miwani anasema hata vipande vidogo ya hiyo Vesta yako, ilivunjika ile siku iligongwa, ingine imekuja kuanguka huku. Vipande, si yenyewe. Sema yote. Ukificha hiyo kidogo, hawatakuamini ile kubwa."

Hii ni ya kwenye daftari zenu, vijana. Mimi sikuwa na daftari, niliibeba kichwani.

Ijumaa nilikwenda kwa Papa Asukulu. Mlango umefungwa mchana. Mke wake alinifungulia kidogo, kama mtu anayefungulia polisi. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda na Biblia, kanisa zima la mwili wake limelegea.

"Papa, jiwe halikuji. Nimeona mwisho."

"Unasema kweli?" Akashika mkono wangu. "Mungu wangu. Wilo, miye mwenyewe nilishaanza kuogopa. Kila mutu anayepita anasema, mupaka nikasema pengine nilisikiaka muzuri."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaachia mkono. "Sasa utaenda kusema nini? Utasema Asukulu alidanganya? Nani atarudi kwenye kibanda? Niko na miaka makumi sita, sina shamba, niko na mudomo tu."

Lilinichoma hilo. Na lilikuwa na shida nyingine ndani yake: nikisema alidanganya, watu watasema, kama mtafsiri wa kwanza alidanganya, kwa nini wa pili asidanganye? Nje watu walikuwa wanapita na maturubai vichwani.

"Sitasema ulidanganya," nilisema. "Watu wanataka fasi. Tutawapa fasi. Lakini safari hii fasi ya kweli."

Jumamosi asubuhi tulikuwa uwanjani. Spika moja, jenereta, na safari hii mafuta yamejaa, nilihakikisha mwenyewe. Tulikuwa na kamba ndefu za ng'ombe za kuazima kwa mfugaji wa Endiinzi, na shitingi moja ya kupimia. Katikati ya uwanja tulichimbia mti. Lori lilikuwa tayari limesimama barabarani upande wa pili, watu wanapandisha magodoro. Riziki alikuwa hapo, Bahati mgongoni, mzigo kichwani.

Nilishika maiki.

"Ba mama na ba papa. Huu muti ni jua."

"Toka hapo!" mtu mmoja alipiga kelele. "Bamekutuma utufiche kweli!"

"Nani amenituma? Angalia viatu yangu. Mutu ya kutumwa anavaaka hivi?"

Wachache walicheka. Wachache tu. Lakini wakasogea.

Nilieleza. Dunia yetu iko mbali na jua kiasi fulani. Tuseme kiasi hicho ni shitingi moja. Tukapima kwa ile shitingi, tukafunga fundo. Mirihi, shitingi moja na nusu, fundo. Mshtarii tungehitaji tano na zaidi, kamba hazikutosha, nikawaonyesha kwa mkono, kule kwenye vyoo. Na Vesta: linapokaribia jua, shitingi mbili na kidogo, linapokwenda mbali, mbili na nusu. Njia yake si duara sawasawa, imevutika kidogo. Tukafunga fundo. Papa Asukulu akalishika.

"Miye na hili tumbo nikuwe jiwe?"

"Inafaa, papa! Mbarara mpaka Kampala!" mama mmoja alijibu, na hapo watu wakacheka kweli.

Nikawaambia na la Mbale. Nikawaambia vipande vidogo vinaweza kuanguka, vimewahi kuanguka, na watu waliviokota na maisha yakaendelea. Kundi likanung'unika. Nikaendelea. "Lakini Vesta yenyewe iko huko. Katikati yetu na yeye, hata siku anakaribia, kunaingia shitingi moja na zaidi. Ni mbali kuliko jua. Iko mbali!"

"Mbali."

Hakupaza sauti. Alikuwa Riziki. Watu walimpisha.

"Wilo, kule Fizi balituambia nini? Baba alituambia nini siku ile ya mwisho? Alisema, 'Mulale, beko mbali.' Si alisema hivyo?"

Karibu kila mtu pale alikuwa amewahi kuambiwa neno hilo, na mtu ambaye hayupo tena. Niliona wanaume wanatazama chini. Dereva wa lori akapiga honi.

Nilishusha maiki. Kuna wakati spika inaharibu kazi; hilo nalo lijueni. Nilimwendea nikamwambia kwa sauti yangu tu, na watu wakasogea kusikiliza.

"Ni kweli, yaya. Bale balikuwa mbali, lakini balikuwa banakuya. Njia yao ilikuwa inafika kwetu. Hii si kusema iko mbali, tungoje. Hii haiko inakuya. Iko inazunguka. Njia yake haina fasi hata moja inakutana na yetu. Shusha muzigo. Shika Dunia, utembee mwenyewe."

Honi ililia tena. Aliweka mzigo chini, akashika fundo la Dunia.

"Tembea. Kamba isilegee. Papa, na weye tembea, lakini weye taratibu: yeye akimaliza mizunguko tatu na nusu na kidogo, weye ndiyo unamaliza moja."

Wakaanza. Riziki kwenye mduara wa ndani, mtoto mgongoni, Papa Asukulu kule nje anavuta pumzi, tumbo mbele. Tulikuwa tumewapa kila mmoja kamba yake ili wasinasane. Ikafika mahali Riziki akampita, yeye ndani, mzee nje, upande mmoja wa mti. Watu wakashika vinywa. Hapo ndipo walipokuwa karibu kuliko pote, na bado kati yao shitingi ingetandikwa yote na kubaki nafasi. Akampita. Akaenda. Akamwacha. Wakaja wengine wakataka kushika Mirihi. Kijana aliyepiga ile hesabu ya miaka mitatu na nusu akasema, taratibu, kama anajiambia: "Kumbe kurudia ni kurudia kwenye njia yake. Si kurudia kwetu."

"Na kamba ikikatika?" Riziki aliuliza bila kusimama.

Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilisema kamba yenyewe ni mvuto wa jua, haionekani, ndiyo inatushika na sisi. Hakuridhika, hata mimi nisingeridhika. Ndipo Papa Asukulu akasimama, jasho linamtiririka, akauliza nani ana kombeo ya kufukuzia ndege mtamani. Ikaletwa. Alikuwa amelinda mashamba ya mpunga Baraka tangu mtoto. Akaweka kijiwe, akazungusha juu ya kichwa, vuu, vuu, vuu, watu wakainama, akaachia.

Kijiwe kilikwenda zake kule kwenye vichaka.

"Kamba imekatika," alisema akihema. "Jiwe imenipiga miye niko katikati?"

"Hapana!"

"Imeenda wapi?"

"Inje!" uwanja mzima ulijibu. Na hiyo sauti, vijana, sikuisikia tena kwenye kibanda chochote, hata shujaa alipomuua mbaya wake.

Dereva akaja mwenyewe, amekasirika, funguo mkononi. "Nani anaenda? Mimi naondoka sasa!"

Wengine walipanda. Lazima niwaambie hivyo. Familia ambazo sikuweza kuzishawishi zilipanda, na lori liliondoka nazo, na baadhi sikusikia habari zao mpaka leo. Wengine walianza kushusha magodoro wakibishana na waume zao. Dereva alimgeukia dada yangu, ambaye alikuwa bado anatembea.

"Mama, wewe?"

"Ngoja nimalize," alisema Riziki.

Lori halikungoja. Yeye alimaliza mzunguko wake, akafika pale alipoanzia, akasimama. Alitazama chini kwenye nyayo zake mwenyewe.

"Hii ndiyo fasi nilianzia?"

"Ee, yaya."

"Na Dunia ya kweli, inachukua muda gani kuzunguka mara moja?"

"Mwaka moja."

Alitazama vumbi la lori likitulia barabarani, kisha akatazama mashamba upande wa bondeni, udongo mweusi umelimwa na hakuna aliyepanda.

"Kwa hiyo mwaka ujao kama leo, tutakuwa tena fasi hii hii."

Sikujua kama ni swali. Sikujua pia kama ni habari njema au mbaya kwake. Nilisema, "Hii hii."

Alifungua kitambaa cha mgongoni, akanipa Bahati, akachukua mzigo wake.

"Mbegu nilishapika nusu," alisema. "Twende tupande hiyo ingine."